ZIJUE DALILI ZA MARADHI YA MAFIGO NA NJIA YA MKOJO



Kazi ya mkaguzi wa vyama vya ushirika ni kusoma vitabu, si kutibu wagonjwa. Lakini vitabu vya chama husema mengi kuliko hesabu. Katika chama kimoja cha msingi cha wakulima wa pamba na mpunga, kusini mwa Ziwa Victoria, nilikuta katika daftari la mikopo ya dharura jina la mzee mmoja limeandikwa mara tatu katika muda wa miezi kumi na minne. Mara zote tatu safu ya sababu ilikuwa na neno moja tu: "kiuno." Nilipomwuliza Katibu, alinijibu kwa upole, "Ni jembe hilo, Ndugu Mkaguzi. Mzee amelima tangu sisi hatujazaliwa." Mkopo wa kwanza ulikwenda kwenye mafuta ya kuchulia na dawa za mizizi. Wa pili na wa tatu ilikwenda kwenye dawa za kutuliza maumivu zilizonunuliwa dukani. Stakabadhi zote zilikuwapo na hakuna senti iliyopotea. Hata hivyo fedha yote ile ilitumika kutibu ugonjwa ambao mzee yule hakuwa nao.

Habari za mzee huyo nitazirudia. Kwanza yafaa tujue kiungo chenyewe ambacho watu hukisingizia kila mara mgongo unapouma, na kukisahau pale kinapoharibika kweli.

Mafigo ni mawili, kila moja lina ukubwa wa ngumi ya mtu mzima. Yamekaa upande wa nyuma, kushoto na kulia kwa uti wa mgongo, yakifunikwa nusu na mbavu za chini. Kila figo lina vichujio vidogo sana vipatavyo milioni moja. Kwa siku moja vichujio hivyo huchuja majimaji ya damu yapatayo lita 180, kisha karibu yote hurudishwa mwilini, na kinachobaki, kiasi cha lita moja hadi mbili, ndicho mkojo. Mkojo hushuka kwa mirija miwili hadi kibofuni na kungoja humo mpaka mtu apate nafasi ya kujisaidia. Zaidi ya kuchuja taka, mafigo husaidia kuweka sawa shinikizo la damu, na huuhimiza uboho wa mifupa utengeneze damu. Ndiyo sababu mtu ambaye mafigo yake yamechoka huishiwa damu na kupauka, hata kama anakula vizuri.

Tabia moja ya mafigo inafaa ikumbukwe kuliko zote, nayo ni kwamba hayalalamiki mapema. Mtu huweza kuishi kwa figo moja, na kwa hiyo ndugu huweza kumpa mgonjwa figo lake na wote wawili wakaendelea na maisha. Akiba hiyo kubwa ni neema, lakini pia ndiyo inayotudanganya. Nimepata kukagua chama kilichokula akiba yake miaka mitatu mfululizo bila mwanachama hata mmoja kugutuka, kwa kuwa malipo ya pamba yalikuwa bado yanatoka. Mafigo nayo huharibika hivyo hivyo. Nusu ya nguvu yake huweza kupotea na mwenyewe asihisi chochote. Anayengoja maumivu ndipo aende zahanati huenda akangoja mpaka siku ambayo hakuna tena cha kuokoa.

Sasa tuseme juu ya kiuno. Maumivu ya mgongo anayoyapata mtu baada ya palizi, au baada ya kupakia marobota ya pamba, kwa kawaida ni ya misuli na mifupa. Huongezeka mtu akiinama au akinyanyua kitu, na hupungua akilala. Maumivu ya figo hukaa juu zaidi, ubavuni kwa nyuma, chini ya mbavu za mwisho, mara nyingi upande mmoja, wala hayabadiliki sana kwa kuinama au kulala. Yakifuatana na homa ya kutetemeka na kutapika, hiyo ni dalili ya vijidudu vilivyopanda hadi kwenye figo, na mgonjwa asicheleweshwe hata siku moja. Yakija kwa mawimbi makali yanayomgaagaza mtu chini, yakishuka kutoka ubavuni hadi kinenani, aghalabu kuna kijiwe kinachopita katika mrija. Wakulima wetu hutokwa jasho jingi mashambani na kunywa maji kidogo, mkojo ukawa mzito, na mkojo mzito ndio unaojenga vijiwe. Mtu anayefanya kazi juani anywe maji mpaka mkojo wake uwe na rangi ya manjano hafifu.

Rangi ya mkojo ni barua ambayo mwili huiandika kila siku. Bahati mbaya wengi wetu tunajisaidia gizani au porini, na barua hiyo haisomwi. Si kila rangi ngeni ni ugonjwa. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huufanya mkojo uwe wa rangi ya chungwa, na bitiruti huweza kuupaka wekundu. Lakini mkojo wa rangi ya chai ya rangi au ya kokakola unatisha, na ukija pamoja na homa kali ya malaria mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mkojo wenye povu jingi linalokaa muda mrefu, siku baada ya siku, huonyesha kwamba vichujio vya figo vinavuja protini ambayo ilipasa kubaki katika damu. Na mkojo wenye damu haupaswi kudharauliwa kamwe, awe mtoto au mtu mzima.

Hapo ndipo penye kosa kubwa katika sehemu zetu. Tulipokuwa wavulana, mwenzetu aliyekojoa damu hakuhurumiwa. Tulimwona ameanza kukua! Mimi mwenyewe nilikojoa damu nikiwa darasa la nne, nikajivuna kwa wenzangu na kumficha mama. Ilikuwa kichocho. Tulikuwa tukiogelea lambo moja kila siku baada ya kuchunga ng'ombe.

Kichocho ni cha aina mbili katika nchi yetu. Wanaoishi ufukoni mwa Ziwa Victoria huugua zaidi kichocho cha matumbo. Wanaoishi ndani zaidi, penye malambo, madimbwi na majaruba ya mpunga, huugua kichocho cha mkojo. Mdudu wake alitambuliwa mwaka 1851 na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, aliyekuwa akifanya kazi Cairo, ijapokuwa ugonjwa wenyewe ni wa kale mno, kwani mayai yake yamekutwa katika maiti zilizohifadhiwa Misri zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Mgonjwa akikojoa majini, mayai huanguliwa, vimelea huingia katika konokono wadogo wa maji baridi, hukua humo, kisha hutoka na kuogelea vikimtafuta mtu. Hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha, kwa dakika chache tu, na hutoka kwa wingi zaidi jua likiwa kali mchana. Anayepandikiza mpunga, anayefua, anayevua kambare na mtoto anayeoga, wote wako hatarini sawasawa.

Baada ya majuma kadhaa wadudu waliokomaa hukaa katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu, jike akitaga mayai mengi kila siku. Mayai hayo hukwaruza ukuta wa kibofu, ndipo damu huonekana. Dalili yake ya pekee ni kwamba damu huja mwishoni mwa mkojo, katika matone ya mwisho, pamoja na kuwashwa na kwenda haja ndogo mara kwa mara. Anayetaka kujihakikisha akojoe katika chupa nyeupe safi na kuitazama penye mwanga. Zahanati ikitaka mkojo wa kupima, upelekwe uliotoka kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, maana hizo ndizo saa ambazo mayai hutoka kwa wingi. Mtu anaweza kupeleka mkojo wa alfajiri, akaambiwa hana kichocho, naye anacho.

Dawa ipo, nayo ni vidonge vya prazikwanteli, ambavyo mganga huvikadiria kwa uzito au urefu wa mgonjwa. Huwaua wadudu waliokomaa, lakini haimkingi mtu asiambukizwe upya akirudi kwenye maji yale yale. Watoto hupewa dawa hii shuleni katika kampeni za Serikali. Watu wazima wanaoshinda majaruba mwaka mzima husahauliwa, nao wenyewe hujisahau. Kichocho kisichotibiwa kwa miaka mingi huacha makovu katika kibofu na kwenye mirija, mkojo ukashindwa kushuka, ukarudi nyuma na kuyatanua mafigo polepole, pengine bila maumivu yoyote. Aidha, huweza kuleta saratani ya kibofu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilikwisha kukihesabu kichocho cha mkojo miongoni mwa visababishi vya saratani mwaka 1994. Kwa hiyo mtu mzima aliyepita miaka arobaini, akiona damu katika mkojo hata kama haumwi popote na hata kama imekuja mara moja ikakoma, aende hospitali, si dukani.

Kwa akina mama kuna jambo jingine ambalo limevunja nyumba nyingi. Kichocho hiki huweza kushambulia viungo vya uzazi vya mwanamke, akapata vidonda, kutokwa na damu baada ya kukutana na mumewe, maumivu ya nyonga, na pengine kutopata mimba. Dalili hizo hufanana na za magonjwa ya zinaa, mke akatuhumiwa, na mume akaapa kwamba si yeye aliyeleta. Mama anayelima mpunga mwenye dalili hizo ana haki ya kumwambia mganga, "Mimi hushinda majini," ili naye afikirie kichocho pamoja na mengine.

Ugonjwa mwingine unaowapata wanawake kuliko wanaume ni uambukizo wa njia ya mkojo. Njia yao ni fupi, vijidudu hufika kibofuni kwa urahisi. Mama husikia moto anapokojoa, huenda haja kila mara na hutoa matone machache, chini ya kitovu panauma, na mkojo huwa na ukungu au harufu kali. Ukiishia kibofuni, hutibika kwa dawa ya siku chache. Ukipanda kwenye figo huleta ile homa ya kutetemeka niliyoitaja. Mama mjamzito asingoje dalili ziwe kali, maana uambukizo huo huweza kumletea uchungu kabla ya wakati. Mwanamume naye akisikia moto na kutokwa usaha, huyo ana haja ya kupimwa magonjwa ya zinaa, na mwenzi wake pia.

Watoto nao wana dalili yao. Mtoto aliyeugua mafindofindo, au aliyekuwa na upele uliotunga usaha, baada ya juma moja hadi majuma machache huweza kuamka macho yamevimba, mkojo umekuwa mchache na wa rangi ya kokakola. Wazazi husema amelala vibaya au ameumwa na mdudu, hasa kwa kuwa ikifika mchana uvimbe wa uso hupungua. Mtoto huyo mafigo yake yana uvimbe wa ndani, na shinikizo lake la damu huweza kupanda ghafla. Wengi hupona kabisa wakifikishwa mapema. Kwa mtu mzima, uvimbe huonekana zaidi miguuni, ukibonyeza kwa kidole shimo hubaki. Uvimbe wa miguu huweza pia kutoka kwenye moyo au ini, lakini yote matatu ni mambo ya hospitali.

Sasa nirudi kwa mzee wetu. Niliomba nionane naye, nikamkuta amekaa chini ya mwembe wa ghala, miguu imevimba, anajikuna mikono. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu." Tulizungumza sana juu ya bei ya pamba kabla sijathubutu kumwuliza habari za haja ndogo. Alitazama pembeni kwanza. Kisha akanieleza kwamba kwa muda wa miaka miwili alikuwa akiamka mara tano, mara sita usiku. Akisimama, mkojo hauji mpaka ajikaze. Ukija ni mwembamba, unakatika, na baada ya kumaliza humtonea nguoni. Alidhani ni uzee. Mkewe alikuwa anajua yote hayo, lakini, kama alivyoniambia mwenyewe baadaye, hayo si maneno ya kusema mbele za watu.

Dalili hizo ni za tezi dume iliyokua. Tezi hiyo iko chini ya kibofu cha kila mwanamume, ikizunguka njia ya mkojo, na kwa wengi huongezeka ukubwa baada ya miaka hamsini. Mara nyingi si saratani, ingawa huweza kuwa, na kipimo ndicho kinachotofautisha. Zipo dawa na upo upasuaji. Lakini ikiachwa iibane njia, kibofu hakimalizi mkojo, kinajaa daima, na mkojo hurudi nyuma kuyabana mafigo. Tulimpeleka mzee hospitali kwa gari la chama. Kibofu chake kilikuwa kimejaa mpaka kwenye kitovu, naye hakuwa akilia maumivu, kwa kuwa kilijaa polepole na mwili ukazoea. Aliwekewa mpira wa kutolea mkojo siku ile ile. Tezi ilikuwa ya kawaida, isiyo saratani. Mafigo ndiyo yaliyokuwa yamekwisha. Alifariki kabla miezi miwili haijatimia, na mkopo wa tatu niliuandika katika taarifa kuwa deni lisilolipika. Nimeandika madeni mengi ya namna hiyo katika kazi hii, na hilo ndilo nisilolisahau.

Lipo pia jambo la zile dawa. Dawa za kutuliza maumivu za namna ya diklofenaki na ibuprofeni, ambazo mzee alizitumia kwa miezi mingi, huyapunguzia mafigo damu, na kwa mafigo yaliyokwisha kudhoofika ni kama kumwongezea mzigo mtu aliyeanguka. Si sumu kwa kila mtu, ila hazifai kumezwa kila siku bila ushauri wa mganga. Dawa za mizizi nazo, hasa zile ambazo kipimo chake hakijulikani, zimepata kuangusha mafigo ya watu waliokuwa wazima.

Wapo wasio na dalili kabisa, nao ni wagonjwa wa kisukari na wa shinikizo la damu. Magonjwa haya mawili huviua vichujio kimya kimya kwa miaka. Anayekojoa mno na kuwa na kiu isiyokatika, au anayeona sisimizi wakikusanyika alipokojoa, akapimwe sukari. Na aliyekwisha kuambiwa ana mojawapo ya magonjwa hayo asiache dawa kwa kuwa anajisikia vizuri. Apimwe mkojo kwa kile kijikaratasi kinachobadilika rangi na apimwe damu angalau mara moja kila mwaka. Mafigo yakishakufa, njia zilizobaki ni mbili. Ya kwanza ni kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kila juma, kiasi cha saa nne kila mara, katika hospitali ambayo kwa wanachama wetu wengi iko mbali. Ya pili ni kupandikizwa figo la ndugu, kazi iliyofanyika nchini kwa mara ya kwanza mwaka 2017 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Gharama ya njia zote mbili haifanani na mkopo wowote wa dharura niliopata kuuona katika daftari la chama cha msingi.

Ziko hali zisizongoja kulala na kuamka. Mtu aliyeshindwa kabisa kukojoa huku tumbo la chini limevimba na linauma. Mtu ambaye mkojo wake wa siku nzima haujai vikombe viwili ingawa anakunywa maji. Mgonjwa wa mafigo aliyeanza kuhema, kutapika mfululizo au kuchanganyikiwa. Chama chenye gari kilitoe, na chenye pikipiki kiitafutie dereva.

Ndugu Makatibu, ninyi si waganga, na mwanachama akiwaelezea siri ya mwili wake isifike kwenye foleni ya mizani. Lakini katika fomu ya mkopo wa matibabu mnaweza kuuliza swali moja: amepimwa wapi, na alipimwa nini? Kama hajapimwa popote, sehemu ya kwanza ya mkopo iwe nauli na gharama ya vipimo.

Jambo la mwisho ni la majengo, nalo ni langu kama mkaguzi. Nimezunguka maghala mengi ya kununulia pamba, na katika mengi nimekuta mizani iliyokaguliwa, ubao wa bei, kiti cha Karani, lakini choo hakuna. Wanaume huzunguka nyuma ya ghala au hushuka mtoni, na kichocho kikarudi majini. Wanawake hukaa foleni tangu alfajiri hadi jioni wamebana mkojo, nao hukataa kunywa maji makusudi wasije wakahitaji kwenda. Halafu tunashangaa wakiugua kila msimu. Katika chama cha mzee yule, mkutano mkuu umekubali fedha za vyoo viwili vya shimo, kimoja cha wanawake chenye mlango unaofungwa kwa ndani, pamoja na pipa la maji ya kunawa. Bodi iliniambia kwamba saruji imekwisha kununuliwa. Nitakapokwenda kufunga hesabu za msimu nitaomba stakabadhi yake, kisha nitaomba nionyeshwe vyoo vyenyewe.